Seli Inajuaje Iwe ya Moyo na Si ya Ini?

Swali: "Shikamoo Daktari. Ninasoma biolojia na kuna jambo halinitoki kichwani. Tumefundishwa kwamba mwili mzima unatokana na seli moja, na kwamba kila seli ina jeni zilezile. Sasa kwenye kiinitete, yaani mtoto aliye katika wiki za mwanzo kabisa tumboni, nani anaiambia seli hii iwe ya moyo na ile iwe ya ini? Kiungo gani hutangulia kufanya kazi? Na je, ni kweli kwamba ifikapo wiki ya nane kila kitu kimeshaumbwa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, na la kwanza ndilo lililowashughulisha wataalamu wa embriolojia, yaani elimu ya ukuaji wa kiinitete, kwa zaidi ya karne moja. Nitakupa jibu lake sasa hivi, kisha tulifuate hatua kwa hatua uone limesimama juu ya nini. Hakuna anayeiamuru seli kutoka juu. Hakuna seli kuu, wala hakuna jeni moja iliyobeba ramani ya mwili mzima. Seli huchukua njia yake kutokana na mahali ilipo, kemikali zinazotolewa na majirani zake, na yale ambayo yenyewe imekwisha kuyapitia. Umetaja moyo na ini bila kujua kwamba umechagua mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu ini linakuwa ini kwa kuwa lilianza maisha yake likiwa jirani ya moyo. Tutafika huko.

Kwanza tuelewane juu ya hesabu ya siku. Mimi nitahesabu tangu yai liliporutubishwa. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki za kliniki hutangulia za kwangu kwa takriban mbili. Usipolizingatia hili utadhani vitabu vinapingana.

Yai lililorutubishwa lina upana wa kama milimita 0.1. Siku za mwanzo hugawanyika tu bila kukua: seli mbili, nne, nane, na kufikia siku ya 4 ni kitonge cha seli kama 16 hadi 32 ambacho ukubwa wake ni uleule wa yai. Seli hizi bado hazijafungwa kwenye njia yoyote. Katika miaka ya 1890 Mjerumani Hans Driesch alitenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba mwili mzima. Kama kila seli ingekuwa imepangiwa kazi yake tangu mwanzo, angepata nusu mnyama na nusu mnyama. Alipata lava wawili kamili, yaani wachanga wa mnyama huyo, wadogo kidogo kuliko kawaida. Mapacha wanaofanana wa binadamu ni ushahidi uleule: kiinitete kimoja kimegawanyika mapema, na kila upande umejijenga mzima.

Uamuzi wa kwanza kabisa hutokana na mahali. Ndani ya kitonge kile kuna seli zilizozungukwa na wenzake pande zote, na zipo za pembeni ambazo upande wao mmoja haugusani na seli yoyote. Tofauti hiyo tu inatosha kuwasha jeni tofauti. Ifikapo siku ya 5 seli za nje zimekwisha kushika njia ya kuunda kondo la nyuma, na zile chache za ndani ndizo zitakazotoa mtoto. Wiki ya pili kiinitete hujizika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na zile seli za ndani hujipanga kuwa bamba bapa la tabaka mbili. Tabaka la juu ndilo litakalozaa mwili wote. La chini husaidia kwa muda kisha karibu lote huondoka.

Wiki ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ningekushauri uisome polepole. Takriban siku ya 15, katikati ya bamba lile hutokea mfuo mwembamba, ukianzia upande utakaokuwa wa chini wa mwili na kuelekea utakapokuwa kichwa. Seli za tabaka la juu huanza kuusogelea mfuo. Zikifika huachana na majirani zilizoshikana nao, huzama humo, kisha husambaa upande wa chini. Za kwanza kuzama hulisukuma kando tabaka la chini la zamani na kushika nafasi yake. Hilo ndilo tabaka la ndani, endodemu. Zinazofuata hubaki katikati na kuwa mesodemu. Zisizozama kabisa ni tabaka la nje, ektodemu. Siku chache baadaye bamba lisilokuwa na chochote cha kutambulika lina kichwa na mkia, kuume na kushoto, na matabaka matatu yaliyokaa moja juu ya jingine. Seli ambazo hazikuwahi kukutana sasa zinapakana, na kuanzia hapo zina mengi ya kuambiana.

Matabaka haya matatu yalielezwa na Christian Pander mwaka 1817 kwa kuchunguza mayai ya kuku yaliyoatamiwa. Bila shaka kitabu chako kina orodha: la nje hutoa ngozi ya juu, nywele, kucha, ubongo na neva, la kati hutoa misuli, mifupa, moyo, mishipa ya damu na figo, la ndani hutoa utando wa ndani wa njia ya chakula na ya hewa, pamoja na ini na kongosho. Ikariri kwa ajili ya mtihani, lakini usiiamini kupita kiasi. Misuli midogo inayobana na kutanua mboni ya jicho hutoka tabaka la nje. Mifupa mingi ya uso haitoki kwenye mesodemu. Wala karibu hakuna kiungo kinachotokana na tabaka moja: utumbo una utando wa ndani kutoka endodemu, misuli kutoka mesodemu na neva kutoka ektodemu. Ukiona kiungo, uliza ni matabaka gani yalikutana hapo, na utakuwa umekaribia ukweli kuliko orodha yoyote.

Sasa tuje kwenye kuambiana kwenyewe. Jaribio lililofungua mlango huu lilichapishwa mwaka 1924 na Hilde Mangold, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na mwalimu wake Hans Spemann, kutoka Freiburg, Ujerumani. Walitumia viinitete vya salamanda wa majini, wanyama wa jamii ya chura wenye umbo la mjusi, wa aina mbili, mmoja wa rangi hafifu na mwingine wa rangi nzito, ili seli za kila mmoja ziweze kutambulika baadaye. Mangold alikata kipande kidogo sana kutoka kiinitete cha rangi hafifu, pale hasa ambapo seli huanza kuzama ndani, akakipandikiza kwenye kile cha rangi nzito, upande utakaokuwa tumbo. Pale tumboni paliota kiinitete cha pili, kimeunganika na cha kwanza, kikiwa na mgongo wake na mrija wake wa neva, yaani chanzo cha ubongo na ugwe wa mgongo. Jambo kubwa lilionekana kwenye rangi. Sehemu kubwa ya kiinitete hicho cha pili, na hasa mfumo wake wa neva, ilijengwa kwa seli za rangi nzito, yaani za mwenyeji. Seli hizo zilikuwa ziwe ngozi ya tumbo. Kipande kigeni kilizibadilishia njia.

Mangold alifariki mwaka huohuo kwa ajali ya moto, akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Ninapofundisha somo hili huhakikisha jina la Mangold linatajwa la kwanza, kwa sababu mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa yake.

Ilichukua takriban miaka 70 kujua kipande kile kilikuwa kinasema nini, na jibu liliwashangaza wengi. Watu walitarajia kupata kemikali inayoiambia seli "kuwa neva". Katika miaka ya 1990 ikaonekana mambo ni kinyume. Seli za tabaka la nje huzungukwa na protini za kundi linalofupishwa BMP, na protini hizo ndizo zinazozisukuma ziwe ngozi. Kipande cha Mangold hutoa protini nyingine zinazozinasa BMP na kuzizuia zisifanye kazi. Zikizuiwa, seli hufuata mwelekeo wake wenyewe, na mwelekeo huo ni kuwa neva. Ujumbe katika kiinitete mara nyingi ni wa namna hii, wa kumnyamazisha jirani mwingine anayesema. Mwanafunzi anayetafuta amri tu hataziona hizi.

Ubongo na ugwe wa mgongo huanza hivyo, katikati ya mgongo wa kiinitete, juu ya ufito wa mesodemu uitwao notokodi. Takriban siku ya 18 tabaka la nje hapo hunenepa na kuwa bamba la neva. Kisha seli zake hubadilika umbo. Kila moja hubana ncha yake ya juu kwa nyuzi za protini zilezile zinazofanya misuli ijikaze, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kwa kamba. Maelfu ya seli zikibana juu kwa pamoja, bamba halina budi kupinda. Kingo zake huinuka, hukutana na kuungana kuwa mrija. Kuungana huku huanza takriban siku ya 22 kwenye eneo la shingo na kuendelea pande zote mbili. Upande wa kichwa hufunga karibu na siku ya 25, upande wa chini karibu na siku ya 28.

Hapa nitatoka kidogo nje ya swali, kwa sababu jambo hili si la mtihani tu. Mrija ukishindwa kufunga kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukishindwa kwa juu, ubongo haujengeki na mtoto hawezi kuishi. Siku ya 28 ni wiki mbili tu baada ya hedhi kuchelewa, na wanawake wengi wakati huo hawajajua kuwa ni wajawazito. Mwaka 1991 utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanywa katika nchi kadhaa kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili, ulionesha kwamba foliki asidi, vitamini ya kundi B, ilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. Ndiyo maana mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 kwa siku kabla ya mimba kutunga, na aliyewahi kupata tatizo hili huandikiwa na daktari kiwango kikubwa zaidi. Kuanza kidonge kliniki mwezi wa tatu wa mimba ni kuchelewa kwa mrija huu, ingawa foliki asidi bado ina faida nyingine. Waambie dada zako.

Mrija ukishafunga, notokodi iliyo chini yake huendelea kutoa protini inayofupishwa Shh. Protini hii husambaa kuelekea juu na kupungua kadiri inavyokwenda mbali. Seli zilizo karibu hupata nyingi, za katikati hupata kiasi, za mbali hupata kidogo, na kila kiwango huwasha jeni zake. Seli za chini kabisa huwa sakafu ya mrija, zinazofuata huwa neva zinazoendesha misuli, na zaidi juu huwa neva za aina nyingine. Kemikali moja tu, kwa kupungua kwake, imeziambia seli nyingi ziko umbali gani. Njia hiihii hutumika tena na tena mwilini. Kwenye mkono unaochipuka, protini hiyohiyo hutolewa upande wa kidole kidogo na husaidia kupambanua vidole. Neno ni lilelile, wanaolisikia ni tofauti.

Kingo za bamba la neva nazo zina habari yake. Wakati zinapoungana, seli za kwenye ukingo hujichomoa na kuanza kusafiri mwilini kote. Wilhelm His aliziona kwa mara ya kwanza kwenye kiinitete cha kuku mwaka 1868, na mtu aliyezifuatilia safari zake ni Mfaransa Nicole Le Douarin, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Alipandikiza seli za kwale kwenye kiinitete cha kuku. Kiini cha seli ya kwale hutofautika na cha kuku chini ya hadubini, kwa hiyo popote seli ilipokwenda aliweza kuiona. Seli za ukingo zilikutwa kwenye mifupa ya uso, kwenye meno, kwenye seli zinazotoa rangi ya ngozi, kwenye neva za utumbo, kwenye tezi zilizo juu ya figo, hata kwenye ukuta unaotenganisha mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni. Wapo wanaoziita tabaka la nne, nami sioni kosa. Safari hii isipokamilika, madhara yake huonekana. Seli zinazokwenda kuwa neva za utumbo zisipofika mwisho wake, kipande hicho cha utumbo hakiwezi kusukuma kinyesi, na mtoto hushindwa kupata choo tangu siku za kwanza. Huhitaji upasuaji.

Sasa swali lako la pili. Kiungo kinachotangulia kufanya kazi ni moyo. Kiinitete kikiwa bapa na chembamba, chakula na oksijeni hupenya zenyewe kutoka nje. Kikinenepa hilo halitoshi, na bila mzunguko wa damu seli za katikati zitakufa. Seli za moyo ni miongoni mwa zile za mesodemu zilizozama mapema kwenye mfuo, kisha zikasogea mbele hadi kupita utakapokuwa ubongo. Ndiyo, moyo huanzia mbele ya kichwa, ukiwa na umbo la mwezi mwandamo. Kiinitete kinapojikunja, kichwa huinamia mbele na moyo huletwa chini yake hadi kifuani. Pande mbili za mwezi ule hukutana katikati na kuungana kuwa mrija mmoja, na takriban siku ya 22 mrija huo huanza kudunda. Wataalamu wamezuia kuungana huko kwenye kiinitete cha kuku, na walipata mioyo miwili, mmoja kila upande, yote ikidunda. Kila nusu ilikuwa na uwezo wa kuwa moyo mzima. Kukutana ndiko kulikoifanya iwe mmoja.

Mrija huo kisha hupinda, na karibu siku zote hupindia kuume. Huu ndio wakati ambapo tofauti ya kuume na kushoto huonekana kwa macho, lakini iliamuliwa siku kadhaa nyuma. Kwenye ncha ya mfuo wa wiki ya tatu kuna shimo dogo lililojaa vinyweleo vya seli, silia, vinavyozunguka kwa mwelekeo mmoja na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Nobutaka Hirokawa na wenzake nchini Japani walilionesha hili kwa panya mwaka 1998. Panya ambao silia zao zilikosekana hapo walikuwa na moyo upande wowote, kama bahati nasibu. Hali hiyo ipo kwa binadamu pia. Kati ya watu waliozaliwa na silia zisizofanya kazi, karibu nusu wana moyo kuume na ini kushoto.

Na hapa ndipo ini linapoingia. Moyo ukishafika kifuani, unakaa ukigusana na sakafu ya utumbo wa mwanzo, ambao ni tabaka la ndani. Moyo hutoa protini za kundi linalofupishwa FGF, na tishu nyingine ya mesodemu iliyo jirani hutoa BMP. Seli za utumbo zinazopata ujumbe huu hunenepa, huchomoza, na kuwa chipukizi la ini mwanzoni mwa wiki ya nne. Watafiti walipokichukua kipande hicho cha utumbo cha panya na kukikuza bila moyo, ini halikutokea. Kikaelekea kuwa kongosho. Seli zilezile, jeni zilezile, na kilichopungua ni jirani. Nakuomba usome tena swali lako kwa mwanga huu: uliuliza nani anaiambia seli iwe ini, na jibu ni moyo, ukisaidiwa na jirani mwingine.

Tena mazungumzo haya si ya upande mmoja. Kwenye figo, ambayo kwa binadamu huanza wiki ya tano, kuna tawi linalochipuka na tishu laini ya mesodemu inayolizunguka. Clifford Grobstein, miaka ya 1950, alizitenganisha tishu hizo mbili za panya. Kila moja peke yake ilikwama. Akiziweka pamoja, tawi liligawanyika tena na tena na tishu laini ikajikunja kuwa mirija ya kuchuja damu. Tishu huliambia tawi lichipue, tawi huiambia tishu isife bali ijijenge, nayo huliambia tawi ligawanyike zaidi. Kwa mtu wa kawaida mazungumzo hayo hutoa vichujio kama milioni moja katika kila figo.

Huenda unajiuliza: kama moyo hutoa ujumbe wa ini, mbona ngozi ya kifua iliyo karibu haiwi ini? Kwa sababu haiwezi kuusikia. Kila seli hubeba historia ya ujumbe iliokwisha kuupokea, na historia hiyo huamua ni milango ipi bado iko wazi. Jaribio ninalolipenda ni la Mmarekani John Saunders kwa kiinitete cha kuku. Alichukua kipande cha mesodemu kutoka chipukizi la mguu, mahali patakapokuwa paja, akakipandikiza kwenye ncha ya chipukizi la bawa. Hakikutoa paja. Hakikutoa ncha ya bawa pia. Kilitoa vidole vya mguu vyenye kucha. Kipande kilisikia kwamba kiko nchani, nacho kilikuwa kimekwisha kujua kwamba ni mguu.

Kujua huko kumeandikwa wapi, ikiwa jeni ni zilezile? Kwenye namna DNA ilivyokunjwa. Ujumbe ukifika kwenye seli huwasha protini chache zinazosimamia jeni nyingine. Protini hizo hufungua jeni za ini, kwa mfano, na kuzifunga za moyo kwa kuikaza DNA kiasi kwamba haisomeki. Seli ikigawanyika, watoto wake hurithi mpangilio huo, na ujumbe wa awali hauhitajiki tena. Jeni za moyo hazijaondolewa kwenye seli ya ini. Mwingereza John Gurdon alilithibitisha hilo mwaka 1962 alipochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukitia kwenye yai la chura lililoondolewa kiini chake. Alipata viluwiluwi wapya, na baadaye hata vyura wazima. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali inayofanana na ya kiinitete kwa kuwasha jeni nne tu. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Limebaki swali lako la tatu, na jibu lake ni kwamba kauli hiyo ya wiki ya nane ni nusu ya ukweli. Mwisho wa wiki ya nane kiinitete kina urefu wa kama milimita 30 tangu utosini hadi matakoni, na viungo vyote vikuu vimeanza. Vingi vina umbo linalotambulika. Vidole vimetengana, na havikutengana kwa kuchongwa: kiganja kilianza kama kasia, kisha seli zilizokuwa katikati ya vidole zikafa kwa utaratibu uliopangwa. Kwa kuwa viungo huanzishwa katika wiki hizi, hizi ndizo wiki ambazo dawa au virusi vinaweza kuleta kasoro kubwa ya maumbile. Thalidomide, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko mwaka 1961, iliwaathiri watoto takriban 10,000 duniani, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi sana au isiyokuwapo. Kipindi cha hatari yake kilikuwa kama siku ya 20 hadi ya 36. Ndani ya kipindi hicho tarehe ya kumeza iliamua kiungo kitakachoumia: masikio mapema zaidi, mikono baadaye, miguu baada ya mikono.

Lakini kuanza si kumaliza. Katika wiki ya nane sehemu ya utumbo bado iko nje ya tumbo, ndani ya kitovu, kwa sababu tumbo ni dogo mno. Hurudi ndani takriban wiki ya 10. Sehemu za siri za nje bado hazijatofautika vizuri kati ya mvulana na msichana, ingawa jeni ya SRY, iliyogunduliwa mwaka 1990, imekwisha kuzielekeza tezi za mvulana kuwa korodani. Figo huendelea kuongeza vichujio hadi mwezi wa mwisho wa mimba, na baada ya hapo haziongezi tena hata kimoja. Mapafu ndiyo ya mwisho kuwa tayari. Matawi yake hujengwa kwa miezi, na kimiminika kinachozuia vifuko vya hewa visinate huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 ya hesabu ya kliniki, mwanzoni kidogo mno. Kwa sababu hiyo mtoto njiti huhangaika kupumua wakati moyo wake unadunda bila shida, na mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati huchomwa sindano ya steroidi ili kuharakisha ukomavu wa mapafu hayo. Vifuko vingi vya hewa vyenyewe huja kuundwa baada ya kuzaliwa, katika miaka ya kwanza ya mtoto.